Tutie Mkono Ndani ya Gunia



Kina mama kadhaa hapa Mtopanga wametuuliza kwa nini mchicha wao huota kisha ukanyauka. Aghlabu jawabu limo katika udongo walioununua. Nasi tulighafilika vivyo hivyo. Ahli yetu alitoa akiba yake, ukaletwa mkokoteni wa udongo mweusi hadi mlangoni, tukalipa kwa kutazama juu tu. Chini ulikuwa mchanga na vifusi vya ujenzi. Miche ya pilipili haikumaliza mwezi. Muuzaji alikosa, lakini nasi tulikosa, kwani fedha ile ilikuwa amana.

Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji uliofichwa chini. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu, watu wakauona. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Basi nasi tutie mkono hadi chini ya gunia kabla ya kulipa.

Udongo ulowanishwe kidogo, ufumbatwe kiganjani. Ukimwagika wote, ni mchanga, hautahifadhi maji. Ukinata kama wa mfinyanzi, utatuamisha maji na kuozesha mizizi. Ulio mwema hushikana, na ukiguswa huvunjika; harufu yake ni ya ardhi iliyonyeshewa. Mchanga wa ufuoni uepukwe kwa chumvi yake. Samadi iwe kuukuu, kwani mbichi huunguza mizizi. Penye shaka, chukueni kwanza kopo moja, mpande mbegu za mchicha. Baada ya wiki moja mtajua.

Asiye na fedha naye asikate tamaa. Hapa jirani, Bamburi, mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, palipobakia mwamba mtupu. Mivinje ikashika. Majani yake yakadondoka, majongoo wakayatafuna, udongo ukapatikana kidogo kidogo. Leo pale pana msitu. Maganda ya ndizi na ya viazi, pamoja na majani makavu, yakirundikwa kivulini na kulowanishwa, hugeuka mbolea kwa miezi michache, bila gharama.

Na ndugu yetu auzaye udongo akumbuke: kilicho chini ya gunia, mnunuzi huenda asikione, lakini Mola wake anakiona.

Wabillahi tawfiq.