Premio, Allion, Sylphy au Legacy? Hesabu ya gari la familia kati ya Jinja na Mbale

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Jinja

Mfanyabiashara wa Jinja anayefuata mzigo Mbale, Busia au Malaba hanunui gari dogo kwa ajili ya kutembelea tu. Siku za kazi gari hilo ni ofisi yake, mwisho wa wiki linabeba mama na watoto, na siku biashara ikiyumba ndilo kitu cha kwanza kuuzwa ili mtaji upatikane. Kwa hiyo swali la bei ya kununua ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni hii: siku ya shida, litauzika kwa kiasi gani na kwa haraka gani?

Katika maegesho ya magari ya mikoa hii ya mashariki mwa Uganda, ushindani wa sedani za ukubwa wa kati uko baina ya Toyota Premio na pacha wake Allion, Nissan Sylphy, Subaru Legacy B4 na Toyota Mark X. Yote ni magari yaliyotumika Japani, na yote huja kwa njia ya Mombasa au Dar es Salaam. Lakini hayafanani katika kodi, mafuta, spea wala soko la mkono wa pili.

Sheria ya umri imebadili soko

Tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 kutoka mwaka lilipotengenezwa. Kenya ni kali zaidi, kikomo chake ni miaka 8. Maana yake ni kwamba kila Januari inapofika, mwaka mmoja wa matoleo unafungiwa mlango.

Tazama Premio. Toleo la kwanza lilitoka Desemba 2001 likachukua nafasi ya Corona Premio, na Allion ikachukua nafasi ya Carina. Toleo la pili likaingia Juni 2007. Magari ya toleo la kwanza hayawezi tena kuingizwa Uganda, na yale unayoyaona barabarani ni yaliyoingia zamani, yakibadilisha mikono hapa hapa. Mwenye toleo hilo anashindana na wenzake tu, hashindani na meli mpya kutoka Japani. Ndiyo sababu gari kuukuu linaweza kushikilia bei kuliko mtu anavyotarajia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Japani yenyewe imeacha kutengeneza magari ya aina hii. Mark X ilifikia mwisho Desemba 2019, Legacy B4 iliondolewa katika soko la Japani mwaka 2020, na Premio na Allion zikafungwa Machi 2021. Sylphy nayo ikaishia kipindi hicho hicho. Kwa sheria ya miaka 15, ifikapo 2036 hata Premio ya mwisho kabisa haitaruhusiwa kuingia. Anayenunua leo ananunua katika ghala lisiloongezwa mzigo.

Kodi: usihesabu kwa risiti ya Japani

Wengi huona bei ya gari kwenye intaneti, wakaongeza nauli ya meli, wakadhani wamemaliza. Mamlaka ya Mapato Uganda, URA, ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na inatumia kiwango cha dola kinachotangazwa kila mwezi. Risiti yako ikiwa chini ya orodha, tegemea orodha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari limethaminiwa dola 4,000 pamoja na bima na nauli. Ushuru wa forodha wa 25% ni dola 1,000. VAT ya 18% inapigwa juu ya 5,000, nayo ni dola 900. Kodi ya zuio ya 6% ni dola 240. Hadi hapo ni dola 2,140, yaani zaidi ya nusu ya thamani ya gari, na bado hujagusa tozo ya miundombinu, usajili, wala kodi ya mazingira ambayo hupanda kadiri gari linavyozeeka.

Kodi hiyo ya mazingira ndiyo mtego. Gari kuukuu ni rahisi Yokohama, lakini likifika Malaba linaadhibiwa kwa umri wake. Gari lenye umri mdogo ni ghali huko, na hapa linapumua. Ni busara kuomba hesabu mbili kutoka kwa wakala wa forodha, moja ya gari la zamani na moja la miaka michache baadaye, kabla ya kutuma fedha. Mara nyingine tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani, na gari jipya kidogo litakuwa na wanunuzi wengi siku ya kuuza.

Premio na Allion: fedha taslimu yenye magurudumu

Toleo la pili la Premio na Allion huja na injini za lita 1.5, 1.8 na 2.0. Ile ya 1.5, aina ya 1NZ, ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu mafundi wote kutoka Iganga hadi Sironko wanaijua, na spea zake zinaingiliana na Toyota nyingine nyingi. Inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita 100,000. Viti vya nyuma hukunjwa, na buti humeza mzigo usiotarajiwa katika gari la familia.

Premio na Allion ni ndugu: injini, gia na chasisi ni zile zile. Tofauti ni sura na mapambo. Premio imekaa kizee, Allion kijana. Soko hapa humpendelea mzee, ndiyo maana Allion ya mwaka ule ule mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu kidogo. Kwa mtu anayetaka kulitumia gari mpaka lichoke, Allion ni ununuzi mzuri kuliko pacha wake.

Tahadhari moja ni gia ya CVT. Nyingi za toleo la pili zina gia hiyo, na haikubali oili ya gia ya kawaida. Fundi akikumiminia oili ya otomatiki ya zamani kwa sababu ni rahisi, utalipa gia nzima. Soma kijiti au kitabu cha gari, ununue oili iliyoandikwa humo.

Sylphy: nafasi kubwa, jina dogo

Nissan Bluebird Sylphy ya Desemba 2005 hadi 2012 ina injini za 1.5 na 2.0. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,700, sawa na Premio, na abiria wa nyuma hukaa kwa starehe. Ya 1.5 ina gia ya otomatiki ya hatua nne, ambayo fundi wa kawaida anaielewa. Ya 2.0 ina CVT. Toleo la Desemba 2012 lina injini ya 1.8, nalo ni pana zaidi.

Kwa vitu unavyopata, Sylphy humpa mnunuzi gari jingi kwa fedha chache. Shida ni siku ya kuuza. Premio huuzwa kwa simu mbili tatu. Sylphy husubiri mtu anayeijua, naye akija anajua kwamba umesubiri.

Legacy na Mark X: raha ina ankara yake

Legacy B4 inaendesha magurudumu yote manne, na kwa mtu wa Mbale anayepanda Kapchorwa au Bududa msimu wa mvua hilo si pambo. Ila chunguza injini. Toleo la 2009 lilianza na injini ya mkanda. Kuanzia mwaka 2012 likapewa injini ya FB ya lita 2.5 yenye mnyororo, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Spea zipo, lakini mara nyingi ni za kuagiza Kampala, na fundi wa Subaru si kila mtaa unaye.

Mark X ina silinda sita na kuanzia lita 2.5. Inapendeza kwenye lami, inavuta vijana, na inakunywa. Kwa teksi ya kukodi au mfanyabiashara wa safari za kila wiki, mafuta yatakula faida kabla ya bei ya kuuzia kufikiriwa.

Je, Premio hulipa kweli?

Hapa wengi hukubali bila kupiga hesabu. Tuweke mfano, na namba hizi ni za kuonyesha njia tu. Premio inanunuliwa kwa shilingi milioni 40, inauzwa baada ya miaka mitatu kwa milioni 32. Imekula milioni 8. Sylphy inanunuliwa kwa milioni 32, inauzwa kwa milioni 20. Imekula milioni 12. Premio imeshinda kwa milioni 4.

Sasa tuseme zile milioni 8 za ziada za kununulia Premio ni za mkopo wa benki kwa riba ya 18% kwa mwaka, bila kupunguza deni. Kwa miaka mitatu riba ni milioni 4.32. Premio sasa imekugharimu milioni 12.32, Sylphy milioni 12. Ushindi umeisha.

Funzo lake ni kwamba thamani ya kuuzia humfaidi zaidi mwenye fedha yake mfukoni. Anayekopa ili afikie Premio huipa benki ile faida aliyoifuata. Vile vile mwenye mtaji unaozunguka haraka, kama wa mahindi au vitunguu, ajiulize milioni 8 hizo zingezaa nini kama zingebaki sokoni. Kinachobaki upande wa Premio ni wepesi wa kuuzika, na huo una thamani kubwa kwa mtu ambaye biashara yake huweza kuhitaji fedha ndani ya wiki moja.

Jinja si Mbale

Kutoka Jinja hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi ni takriban kilomita 140, nyingi zikiwa tambarare. Gari la 1.5 linatosha. Tangu daraja jipya la Nile lifunguliwe Oktoba 2018, safari ya Jinja na Kampala nayo haitegemei tena barabara ya juu ya bwawa la Owen Falls peke yake. Anayeishi Jinja ana kila sababu ya kufuata injini ndogo.

Mbale ni mji ulio chini ya mlima. Miinuko huanza unapotoka mjini, na gari la 1.5 lililojaa watu watano na mizigo litalalamika. Huko 1.8 ina maana. Tena mnunuzi wa Mbale akague maji. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, yaliua zaidi ya watu 20 na kuzamisha mali nyingi. Inua kapeti, nusa, tazama kutu chini ya viti na kwenye viunganishi vya nyaya. Gari lililozama huoshwa likang'aa, lakini umeme wake hausahau.

Namba za Kenya kwa bei ya kutupa

La mwisho ni la wasafirishaji. Wakati mwingine hutokea Premio yenye namba za Kenya ikiuzwa kimya kimya karibu na mpaka kwa bei isiyoaminika. Gari la Kenya huingia Uganda kwa kibali cha muda. Likiuzwa bila kulipiwa ushuru ni magendo, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kukamatwa. Muuzaji atakuwa amesharudi kwao, na atakayesimama mbele ya maofisa ni mnunuzi.

Kwa kifupi: mwenye fedha taslimu wa Jinja achukue Premio ya 1.5, na anayetaka kulitumia muda mrefu achukue Allion. Mwenye mtaji mdogo asiione haya Sylphy ya 1.5 yenye gia ya hatua nne, mradi asiinunue kwa bei inayokaribia ya Premio. Mtu wa milimani atafute 1.8, au Legacy ya kuanzia 2012 kama ana fundi. Na yeyote yule, kabla ya kulipa, ahakikishe namba ya chasisi inalingana na kadi ya gari, na kwamba kadi hiyo haijawekwa rehani kwa mkopeshaji. Bei nzuri ya gari lenye deni la mtu mwingine si bei nzuri.