Sauti ya Kushoto Ikitokea Kulia, Usikimbilie Kufomati

Haya wasomaji, leo nataka tubishane kidogo. Kuna ugonjwa mmoja wa kompyuta ambao huku Eastlands, kuanzia Umoja hadi Kayole, unatibiwa kwa dawa kali kuliko ugonjwa wenyewe. Ni ule wa sauti kubadilishana pande. Unatazama filamu, gari linapita kutoka kushoto kwenda kulia, lakini mlio wake unakwenda kinyume. Mwenye mashine anaipeleka kwa fundi. Fundi anatikisa kichwa: "Hiyo ni Windows imeharibika, tufomati." Mashine inarudi safi kama sahani, picha na kazi zimepotea, na sauti bado imepishana!

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nasema bila kuuma maneno: programu ni mahali pa mwisho pa kutafuta kosa hili, si pa kwanza.

Utasema, si ni sauti tu? Kwa mtu anayesikiliza habari, sawa, hakuna neno. Lakini Eastlands ni kiwanda cha muziki. Kalamashaka walitoka Dandora, na Calif Records, iliyoikuza genge, ilianzia mtaa wa California. Leo kijana anatengeneza biti chumbani kwake kwa kompyuta moja na spika mbili. Akitaka gitaa likae kushoto, na spika zake zimepishana, atalisukuma kulia mpaka alisikie kushoto. Faili anayompa mteja imegeuka, na akivaa hedifoni zake mwenyewe anashangaa gitaa limehamaje.

Sasa tufikiri pamoja. Sauti husafiri kwa vituo kama matatu: faili, programu ya kuchezea, mfumo wa uendeshaji, draiva, kadi ya sauti, waya, amplifaya, halafu spika. Ukitaka kujua abiria alipotelea wapi, ikate safari katikati. Chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye kompyuta, L sikio la kushoto na R la kulia. Kwenye Windows fungua mipangilio ya sauti ujaribu spika moja moja. Kwenye Linux andika hivi:

speaker-test -c 2 -t wav

Utasikia sauti ya mtu akitaja kila upande. Hedifoni ziko sawa? Basi kompyuta haina hatia, na kosa liko kuanzia kwenye waya kwenda mbele. Zimepishana? Jaribu hedifoni nyingine kwanza. Na ikiwa ni wimbo mmoja tu unaosumbua, kosa ni la faili hiyo.

Hapo kwenye waya ndipo wengi hukwama. Wufa nyingi hupokea sauti kwa plagi mbili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Ukizipishanisha, umepishanisha pande zote. Ile plagi ndogo ya milimita 3.5 inayoingia kwenye tundu la kijani haiwezi kuingia kinyume: ncha yake hubeba kushoto, pete inayofuata hubeba kulia, na shina ni la waya wa pamoja. Lakini waya uliokatika ukaungwa kwa haraka unaweza kuwa umepishana huko ndani.

Halafu kuna nyekundu mbili, na hizi huchanganya hata mafundi. Nyekundu ya plagi maana yake ni upande wa kulia. Nyekundu ya waya wa spika, ule unaokwenda pamoja na mweusi, maana yake ni chanya. Ukigeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika moja, pande hazipishani. Kinachotokea ni besi kupungua na sauti kukosa mahali pa kukaa. Ni ugonjwa mwingine kabisa.

Na usicheke, kuna wakati ambapo spika ya kushoto imewekwa kulia kwa sababu waya ni mfupi na bedsita ina soketi moja.

Wenzangu wa kuandika programu watanipinga: "Si unageuza tu kwa amri moja?" Kweli inawezekana. Linux ina module-remap-sink, na Windows ina Equalizer APO. Lakini ukigeuza ndani wakati kosa liko kwenye waya, spika zinapona na hedifoni zinaugua. Mwezi ujao mtu mwingine ananunua waya mpya pale Luthuli Avenue, na spika zinapishana tena. Sasa una makosa mawili yaliyokuwa yakifichana, na hakuna anayekumbuka la pili.

Programu nakubali itumike pale ambapo kosa liko ndani na hutaki kulifungulia. Mfano ni laptopu ya mitumba iliyowahi kufunguliwa, spika zake za ndani zikarudishwa kinyume. Hata hapo tahadhari: kwenye laptopu nyingi spika za ndani na hedifoni hutumia njia moja, kwa hiyo ukigeuza moja umegeuza zote. Heri bisibisi.

Kijana mmoja jirani yangu alikuwa ameshafunga begi kwenda kufomati, nyimbo zake zote zikiwa kwenye diski ile ile bila nakala. Tulibadilishana plagi mbili nyuma ya wufa. Sekunde kumi!

Lakini jamani, tusimlaumu fundi peke yake. Akibadilisha plagi mbili kisha akudai pesa, utapiga kelele kwamba hajafanya kitu. Akikaa na mashine siku mbili na kufomati, unalipa bila neno. Sisi wateja ndio tumemfundisha kwamba kufomati kuna pesa na kufikiri hakuna. Fundi akipata kosa, mlipe kwa kulipata, hata kama limemchukua dakika moja. Ujuzi wa kujua plagi ipi haukupatikana kwa dakika moja.

Je, zako zimekaa sawa? Vaa hedifoni leo jioni ujaribu, halafu usikilize spika. Na kabla ya yote, weka nakala ya kazi zako mahali pengine.