Ngozi Ikitoa Magamba, Tupime Pia Kiuno, Tansio na Sukari



Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi mara kwa mara, na karibu kila mara linaulizwa kwa sauti ya chini: mama mwenye mabaka makavu yanayotoa magamba meupe, tunaweza kula naye sahani moja? Tunaweza kumpa mtoto wetu amshike? Juma hili tunalijibu swali hilo. Halafu tunaongeza jambo ambalo wengi kati yetu hawajalisikia bado: ugonjwa huo wa ngozi unaweza kuwa unatuonya juu ya moyo, mishipa ya damu na sukari.

Ni ugonjwa gani?

Unaitwa soriasisi. Ngozi ya kawaida hujibadilisha polepole. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu, na huanguka baada ya karibu mwezi mmoja bila sisi kuona. Kwa mwenye soriasisi kazi hiyo inakwisha kwa siku chache tu. Chembe zinarundikana moja juu ya nyingine, ngozi inakuwa nene, inatoa magamba, inawasha, na wakati mwingine inapasuka na kutoa damu. Mabaka hupenda viwiko, magoti, kichwani na chini ya mgongo. Kucha zinaweza kuwa na vishimo vidogo. Wengine huumwa viungo pia, hasa vidole, na asubuhi wanaamka wamekakamaa.

Mara nyingi inasemwa kwamba mabaka hayo ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu yanaweza kuwa ya zambarau, ya kahawia au ya kijivu. Ndiyo sababu mama anaweza kutibiwa mba miaka mingi bila kupona.

Sasa jibu: soriasisi haiambukizi. Haipiti kwa sahani, kwa kitanda, kwa kikwembe, kwa kunyonyesha wala kwa kupeana mkono. Si ulozi na si laana. Inatoka kwa kinga ya mwili iliyokosea njia, na mara nyingi ukoo una sehemu yake. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali kwamba ni ugonjwa wa muda mrefu, wenye maumivu, usioambukiza, na ambao bado hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Lakini unaweza kutulizwa. Anayemkataza mwenzake kuingia jikoni kwa ajili ya mabaka hayo anamuumiza bure.

Moto haubaki kwenye ngozi

Kinga ya mwili ni kama walinzi wa mtaa. Katika soriasisi walinzi wanawasha moto bila mwizi kuwapo. Kemikali wanazozitoa haziishii kwenye kiwiko, zinatembea katika damu mwili mzima. Zinazuia insulini kufanya kazi yake ya kuingiza sukari ndani ya chembe, na zinaharibu kuta za mishipa pole pole. Mafuta yaliyojaa tumboni nayo hayajalala tu. Yanatoa kemikali za namna ile ile. Hivyo tumbo linachochea ngozi, na ngozi inachochea mishipa.

Hapo ndipo tunakutana na kile waganga wanachokiita sindromu ya metaboliki. Si ugonjwa mmoja. Ni mambo matano, na mama mwenye matatu kati yake anahesabiwa kuwa nayo:

1. Kiuno cha sentimita 80 au zaidi (kwa baba, 94).
2. Tansio ya 130 kwa 85 au zaidi, au tayari anakunywa dawa ya tansio.
3. Sukari ya damu ya miligramu 100 kwa desilita au zaidi, asubuhi kabla ya kula.
4. Mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi, miligramu 150 au zaidi.
5. Kolesteroli nzuri iliyo chini ya miligramu 50 (kwa baba, chini ya 40).

Mambo hayo yakikutana, hatari ya kisukari, ya kupooza upande mmoja na ya moyo kusimama inapanda.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Marekani kati ya 2003 na 2006, kati ya watu 100 wenye soriasisi karibu 40 walikuwa na sindromu hii. Kati ya wasio na soriasisi walikuwa karibu 23. Huko huko, wauguzi wanawake zaidi ya 78,000 walifuatiliwa toka 1991 hadi 2005. Waliokuwa wanene sana walipata soriasisi zaidi ya mara mbili kuliko wembamba. Haina maana kwamba kila mwenye mabaka ana kisukari, au kwamba kila mnene atapata mabaka. Maana yake ni kwamba ukiona kimoja, tafuta na kingine.

Mambo matatu ya kwetu

La kwanza ni vidonge vya kunenepesha. Bado tunasifu mwili mkubwa, tunasema mume anamtunza vizuri. Basi dada zetu wananunua sokoni vidonge, na vingi vina deksametazone. Dawa hiyo inapandisha sukari na tansio, inajaza mafuta tumboni, na mwenye soriasisi akiiacha ghafla mabaka yanaweza kurudi kwa ukali na usaha.

La pili ni mafuta ya kung'arisha ngozi. Mengi yana dawa kali ya jamii hiyo hiyo. Ukipaka juu ya mabaka, juma la kwanza unafurahi. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, na siku ukiacha ugonjwa unarudi na nguvu. Aliyetumia vidonge au mafuta hayo muda mrefu asikatishe mwenyewe kwa siku moja. Aende kwa muganga ampunguzie hatua kwa hatua.

La tatu ni dawa nyingine tunazokunywa. Klorokini, na baadhi ya dawa za tansio kama propranololi, zinaweza kuamsha mabaka. Usiache dawa ya tansio kwa sababu ya habari hii. Mwonyeshe muganga ngozi yako, naye ataangalia kama kuna dawa nyingine inayokufaa.

Tufanye nini?

Kwanza, mwenye mabaka yasiyopona afike kituo cha afya. Kuna magonjwa yanayofanana kwa macho, na ukoma ni mmoja wao. Ikiwa baka limekufa ganzi, usichelewe. Soriasisi iliyotokea ghafla na kwa ukali inaweza pia kuwa sababu ya kupima virusi vya ukimwi.

Pili, aombe kupimwa tansio na sukari siku hiyo hiyo. Vipimo vya mafuta ya damu vinahitaji maabara, lakini kiuno, tansio na sukari ni vitatu, na vitatu vinatosha kutuamsha.

Tatu, mwenye mimba au anayetaka kuzaa aseme kabla ya kupewa dawa. Metotreksati na asitretini, zinazotolewa kwa soriasisi kali, zinaharibu mtoto tumboni.

Nne, nyumbani tusisugue magamba kwa jiwe, maana palipochubuka baka jipya linaweza kuota. Paka mafuta yasiyo na harufu baada ya kuoga. Pombe na tumbaku huzidisha ugonjwa. Mnene akipunguza kilo, hata chache, mara nyingi ngozi na sukari vyote vinapata nafuu. Si lazima kununua chakula cha gharama. Tupunguze tonge la bukari, tuongeze lengalenga, sombe na maharagi, tupunguze mafuta ya mawese na chumvi katika sufuria, maji yachukue nafasi ya vinywaji vya sukari, na mwendo wa sokoni tuutembee kwa miguu.

Kazi ya juma hili kwa vikundi: leteni utepe wa mshonaji kwenye mkutano. Kila mama apimwe kiuno juu ya ngozi au nguo nyepesi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Wenye mimba wasipimwe. Namba iandikwe kwenye karatasi ya mwenyewe, isitangazwe. Waliopita 80 waende pamoja kupima tansio na sukari, kwa maana safari ya wengi haina aibu.

Na kama katika likelemba yenu kuna mama anayekaa pembeni, mikono ameifunika kwa kitenge hata wakati wa jua, mpeni nafasi katikati. Kuleni naye. Kisha mmoja wenu amsindikize kwa muganga.

Tuonane juma lijalo.