Dhidi ya "Bado Kidogo"

Desemba iliyopita tulikaa watu saba kwenye veranda ya nyumba moja, juu kidogo ya Marangu Mtoni, tukaijadili Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie. Wengi walikuwa wamepanda kutoka Dar kuja kuhesabiwa, kama ilivyo ada yetu Wachaga kila mwisho wa mwaka. Mimi nilitoka mbali zaidi, Uingereza, baada ya miaka mitano. Mtori ulikuwepo, mbege ilikuwepo, na hukumu ilitolewa mapema: Ifemelu ana makosa. Alimwachaje Obinze hewani bila hata salamu? Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, akasema, "Si angemwambia tu ukweli? Yangeisha."

Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia, nikiwa mtu wa mwisho pale mwenye haki ya kuitikia. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya hii ya mwaka 2013 inahusu vijana wawili wa Nigeria wanaopendana tangu shuleni. Msichana anakwenda Marekani, anakosa kazi, kodi inamshinda, na siku moja anakubali kazi ya aibu kwa dola 100. Baada ya hapo hawezi kuzungumza na mpenzi wake. Barua pepe zinakuja, hazisomi. Kijana naye baadaye anakwenda London, anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, anasafisha vyoo, na anakamatwa siku ileile ya ndoa ya kununua karatasi. Anarudishwa kwao. Wasomaji wengi huisoma kama hadithi ya mapenzi yaliyokatizwa na umbali. Mimi nasema umbali umesingiziwa. Kilichowatenganisha ni mtu mmoja kushindwa kumwambia mwenzake: hali yangu ni hii, na leo nimefanya hivi.

Ifemelu alinyamaza mara moja, kwa sababu ya jeraha. Kuna unyamavu mwingine mbaya zaidi, wa kuongea kila siku bila kusema kitu. Huo ndio wangu, na ndio wa vijana wengi walioko majuu. Jina lake ni "bado kidogo".

Niseme wazi yaliyonipata, au tuseme niliyoyafanya. Niliondoka Septemba 2020 kwenda kusoma shahada ya uzamili. Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wameshapeleka mbege kwao, kule Mamba, na tulikubaliana nikimaliza tunafunga ndoa. Nilimaliza. Nikapata kibali cha kubaki kutafuta kazi. Kazi ya elimu yangu sikuipata, na katikati ya 2023 nikahamia kwenye viza ya wahudumu wa wazee. Kazi yenyewe ni ya usiku: kugeuza wazee kitandani, kuwaogesha, kuwabadilisha nguo. Nyumbani nilisema, "Niko sekta ya afya." Mama yake akawaambia majirani kwamba mkwe ni daktari, na sikumsahihisha.

Sasa sikiliza. Wakati ule mhudumu wa wazee aliruhusiwa kuleta mke. Tulichohitaji ni cheti cha ndoa, ada ya viza na tiketi. Yeye aliuliza mara ngapi? Sikumbuki. Jibu langu lilikuwa lilelile: bado kidogo, nijipange. Kujipanga kwenyewe kulikuwa kutuma fedha za msingi wa nyumba kwenye kihamba cha baba, maana kwetu mtu aliyeko nje bila nyumba ya kuonyesha Desemba ni kama hajatoka. Fedha za msingi ule zingetosha kumleta. Msingi upo mpaka leo, umeota majani, na mbuzi wa jirani wanapumzikia hapo.

Tarehe 11 Machi 2024 Uingereza ikafunga mlango: wahudumu wapya wa wazee hawataruhusiwa kuleta wenza wala watoto. Habari ikasambaa hadi huku. Akanitumia, akauliza, "Kwa hiyo ndiyo basi?" Katazo lile liliwahusu wapya. Sisi tuliokuwa tayari kwenye njia ile kabla ya siku hiyo tuliachiwa haki yetu. Nililijua hilo. Nikamjibu, "Ndiyo hivyo, tuombe Mungu, bado kidogo tuone."

Nilimsingizia serikali ya watu uongo wangu, na bahati mbaya serikali ile inasingizika kirahisi. Mwezi uliofuata, Aprili 2024, raia au mkazi wa kudumu anayetaka kumleta mke au mume alipandishiwa kiwango cha kipato kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Wanafunzi wengi walishazuiwa kuleta wenza tangu Januari mwaka huohuo. Julai 2025 hata kuajiri wahudumu wa wazee wapya kutoka nje kukafungwa. Sheria hizi ni katili. Zimeyapa mapenzi bei. Lakini ukatili wa sheria haunisafishi mimi. Umenipa kichaka tu cha kujifichia.

Alikuja kuusoma mwenyewe ule utaratibu, aya kwa aya. Akanitumia aya moja tu, inayowahusu waliokuwa ndani kabla ya Machi. Hakuweka neno lolote chini yake. Tangu siku ile sijapokea salamu yake ya asubuhi.

Utaniuliza: kwa nini? Ulikuwa na mwingine? Hapana, na ndipo hapo ninapogombana na mashabiki wa hadithi za usaliti. Tumezoeshwa kutafuta mwanamke wa pili, mzungu wa makaratasi, mtoto wa siri. Nilichokuwa nacho ni chumba kimoja na jiko la kuchangia na wapangaji wanne. Niliona aibu auone. Nilitaka aje siku nitakapofanana na picha nilizomtumia. Siku hiyo haikuwa kwenye kalenda yoyote.

Abdulrazak Gurnah analijua jambo hili kuliko sisi sote. Katika Admiring Silence, ya mwaka 1996, msimulizi ni Mzanzibari anayeishi Uingereza na mwanamke aitwaye Emma. Wana binti mkubwa tayari. Kwao Zanzibar hajawahi kuwaambia. Emma naye amepewa hadithi za kutungwa kuhusu kwao. Anaporudi nyumbani baada ya miaka mingi anakuta ameshatafutiwa mchumba. Ukweli unamtoka kwa kulazimika, na akirudi Uingereza Emma naye anaondoka. Watu husema ni riwaya ya uhamiaji. Mimi nimeisoma kama hesabu ya mtu aliyekopa ukweli pande mbili, na pande zote mbili zikamdai siku moja.

Na sisi tunaoandika na kusoma kwa Kiswahili? Ughaibuni tunauandika kama mahubiri. Kwenye hadithi nyingi ninazokutana nazo, aliyekwenda ama anaharibikiwa ili tujifunze, ama anarudi na magari ili tumwonee wivu. Anayesubiri nyumbani ni pambo: analia ukurasa wa kwanza, anaolewa na mwingine ukurasa wa mwisho. Neno "kubeba boksi" tunalo mitaani kwa miaka mingi, lakini mbeba boksi mwenyewe, saa kumi alfajiri kituoni, akichagua atakachomdanganya mchumba leo, simwoni kwenye riwaya zetu. Nipeni huyo. Na nipeni mwenzake wa Mamba, anayehesabu umri wake kwa viza ya mtu mwingine.

Tunawapa nini vijana badala yake? Methali. Subira huvuta heri. Haya, heri ya nani? Miaka mitano ya mwanamume aliyeko Uingereza inahesabika kama maisha: amesoma, amefanya kazi, ameongeza kibali. Miaka mitano ya mwanamke anayemsubiri inaitwa subira, kana kwamba hakuishi. Alikataa nafasi ya kazi Dodoma kwa sababu "tunaondoka muda si mrefu". Hilo nililijua Desemba hii.

Hata sheria inatuacha hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, hata kama ahadi ilitolewa Tanzania na kuvunjwa kwingineko. Lakini fidia yenyewe haivuki gharama alizoingia kwa ajili ya ahadi hiyo. Nguo, ukumbi, nauli. Miaka haina risiti.

Najua pingamizi zinazokuja. La kwanza: "Kumficha ni kumhurumia, ataumia bure akijua unavyoteseka." Si kweli. Anayehurumiwa ni anayeficha. Mwenzako akijua unaogesha wazee usiku ataumia wiki moja, kisha ataamua. Usipomwambia, umeamua kwa niaba yake.

La pili: "Hata wa nyumbani wanadanganya, wengine wanapenda pauni tu." Wapo. Ila mtu uliyemwambia wewe ni mtu wa pauni, akija kutaka pauni, unamlaumu kwa lipi? Uongo wako ndio uliomchagua.

La tatu, na hili ndilo zito: "Mwanamume wa Kichaga hawezi kurudi na habari za kuosha watu." Hapa niwe mkali kidogo kwa wakwetu. Panda barabara ya kutoka Himo kuja huku, utaona nyumba nzuri zilizofungwa miezi kumi na moja, zikilindwa na kijana mmoja na mbwa. Tumejenga uchumi mzima wa kuonekana Desemba. Bibi yangu alipougua, wajomba walilipa mtu wa kumwogesha, na kila mtu alimheshimu mtu yule. Kazi ileile nikiifanya kwa mlipwa wa nchi nyingine, nageuka daktari. Kwa nini? Tunawafundisha watoto wetu kusema uongo, halafu tunashangaa wachumba wao wanaachwa njia panda. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi ni ushahidi.

Sihubiri kwamba mapenzi ya mbali hayawezekani. Najua ndoa zilizovuka miaka minane na bado zina kicheko. Ninachosema ni kwamba swali la "bado unanipenda?" halitoshi, na kwa mtu aliyeko nje ni swali rahisi mno. Nililijibu "ndiyo" kila wiki, na ilikuwa kweli. Muulizeni maswali magumu. Kibali chako ni cha aina gani, kinaisha lini? Kinaruhusu kuleta nani? Kwa mwezi kinaingia kiasi gani, kinabaki kiasi gani? Una mpango wa kuchukua uraia wa huko, ukijua Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili? Halafu la mwisho: tarehe gani, mwaka gani, tutaamua kuwa pamoja au kuachana? Akijibu "bado kidogo", umeshajibiwa.

Nilikwenda Mamba tarehe 27. Shangazi yake alinipokea vizuri, akaniita mwanangu, akanipa kiti na chai, kisha akatuacha. Nilikuwa nimefikiria kubeba sale, lile jani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Kwetu ukimletea mtu sale kuomba msamaha, hana njia ya kukukatalia. Nikamwambia nilifikiria.

Akasema, "Bora hukulileta. Ungenilazimisha na hilo tena."

Hakunifukuza. Tuliongea juu ya kahawa ya baba yake, juu ya mvua, juu ya ile kazi ya Dodoma. Ameomba nyingine, Arusha. Hakuniuliza narudi lini Uingereza. Akanisindikiza mpaka kwenye mfereji, akarudi.

Kwa hiyo, wewe uliyeko huko unayesoma hapa ukiwa kwenye basi la asubuhi baada ya shifti: kama kuna mtu anakusubiri huku, usimtumie picha ya jengo refu. Mtumie leo picha ya kibali chako, upande wenye tarehe.