Kioo cha Gari la Marehemu



Dada yetu mmoja wa Nyeri, mjane, ametuandikia juu ya gari aina ya Peugeot 404 aliloliacha mumewe. Kila mvua inyeshapo, maji hupenya kando ya kioo cha mbele na kulowesha miguu ya watoto. Fundi alipaka silikoni juu ya raba kuukuu, akalipwa, na mvua iliyofuata maji yakarudi. Sasa wanawe wataka liuzwe kwa bei ya chuma chakavu. Auliza: limekwisha, au lafaa kutengenezwa?

Gari lenyewe si la kudharauliwa. 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968, katika matope na vumbi la Afrika Mashariki.

Kioo chake hakikugandishwa kwa gundi kama vioo vya magari ya leo. Chashikwa na raba yenye mifereji: mmoja wameza ukingo wa kioo, mwingine wameza ukingo wa bati la bodi, na usoni hukaa ule utepe wa chuma king'aacho. Raba ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Nyeri nako, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, kuna mvua za masika na vuli, na ukungu wa Juni na Julai. Silikoni ya juu juu huyafungia maji ndani, na kutu hula bati pasipo kuonekana.

Kazi ya haki huanza kwa kuutoa utepe taratibu, maana ukishapinda haunyooki vizuri tena, na kupata mwingine ni shida. Kisha raba kuukuu hukatwa kwa kisu, na watu wawili wakakitoa kioo. Hapo ndipo jibu la dada yetu lilipo. Ukingo wa bati ukiwa mzima wenye kutu ya juu tu, upigwe msasa, upakwe rangi ya kuzuia kutu, ukauke kabisa. Ukiwa umetoboka, fundi wa bodi auchomelee kwanza. Raba mpya juu ya bati bovu ni fedha iliyotupwa.

Raba mpya ianikwe juani au itiwe katika maji ya moto kiasi ipate kulegea, hasa kwa baridi ya huko, ndipo kioo kivishwe. Utepe wa magari mengine huingizwa katika raba kabla ya kioo kurudi mahali pake. Fundi auangalie vile ulivyotoka. Kamba nyembamba madhubuti ilazwe ndani ya mfereji wa bati, ncha zake zipishane chini katikati. Raba ipakwe maji ya sabuni, wala si mafuta ya injini, ambayo huiharibu. Mmoja nje akandamize kioo kwa viganja, mwenziwe ndani avute kamba polepole, na mdomo wa raba utaruka ukingo wenyewe. Nyundo haina kazi hapa.

Mwisho, gari limwagiwe maji kwa mpira huku mtu ameketi ndani akipapasa pembe zote kwa karatasi kavu. Malipo ya mwisho yangoje karatasi hiyo.

Lakini gari hili ni sehemu ya mirathi. Ikiwa haijagawanywa, mama na wanawe wakae pamoja kabla ya shilingi kutoka: wao wana mafungu yao, naye ana lake. Wasiamue kuuza kabla raba haijatolewa na bati kuonekana, wasije wakauza kwa bei ya chakavu kitu kizima. Na wakiamua kuuza, mnunuzi aambiwe palipo na kutu. Kuificha chini ya silikoni ni ghushi, na bei ipatikanayo kwa ghushi haina baraka.

Wallahu a'lam.