Maji Moto, Ujirani Mwema
Bwawa la wazi la kuogelea, lenye maji yaliyopashwa na jotoardhi, ndilo baraza la watu wa Iceland, kisiwa cha volkano kilichoko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki. Miamba moto iliyo chini ya ardhi huchemsha maji, nayo hupelekwa kwa mabomba hadi majumbani na mabwawani. Desturi ya kuoga katika maji hayo ni ya kale: huko Reykholt kungali na kidimbwi cha mwandishi Snorri Sturluson, aliyefariki mwaka 1241. Mabwawa ya kisasa yalienea katika karne ya 20, baada ya wavuvi wengi kufa maji kwa kutojua kuogelea. Tangu 1940 kuogelea ni somo la lazima shuleni. Maji ya bwawa kubwa huwa na nyuzijoto 28 hivi, na kando yake kuna vidimbwi vya kukaa, vyenye nyuzi 38 hadi 44. Kabla ya kuingia, kila mtu huvua nguo zote na kuoga kwa sabuni, kwa kuwa klorini inayotiwa majini ni kidogo. Ndipo huvaa vazi la kuogelea. Kisha wakubwa kwa wadogo huketi majini hadi mabegani, hata theluji ikiwaangukia kichwani, wakizungumza habari za siku. Humo cheo hakionekani, maana wote wamelowa maji yale yale. Taifa linalogeuza joto la ardhi yake kuwa afya na ujirani mwema limeitumia vyema neema yake.