Kazi ni Ibada, na Aya Inayorukwa

Msemo wa "kazi ni ibada" umekuwa ngao ya wazee wengi wa visiwani. Husemwa dukani, husemwa maofisini, na aghalabu msemaji ni baba asiyejua mwanawe amefika juzuu ya ngapi. Ushahidi wake ni aya ya 10 ya Suratul Jumua, inayowataka waumini, sala ikishatimizwa, watawanyike na kuitafuta fadhila ya Mwenyezi Mungu. Lakini aya ya 9 imetangulia, nayo yaamrisha biashara iachwe pale mwito wa sala ya Ijumaa unaponadiwa. Kwanza kuiacha, kisha kuirudia. Anayeanzia ya 10 amejichagulia anachokipenda.

Na afadhali sala, ina adhana ya kuikumbusha. Mtoto hana. Mafundisho yanamtaka mzazi amuamrishe mwanawe kusali afikapo miaka 7; amri hiyo hakupewa maalimu wa chuo wala mwalimu wa skuli, ingawa siku hizi wao ndio waliobebeshwa. Mtoto hutoka skuli akaingia chuoni, akitoka chuoni huenda tuisheni, na usiku baba arudipo humkuta amelala. Ada zote zimelipwa. Baba huyo huamini kuwa amelea.

Isieleweke kuwa analaumiwa mvuvi aliye dago, wala mama anayefanya zamu za usiku hotelini kwa kuwa mshahara wake ndio unaolisha nyumba nzima. Dhiki ina hukumu yake. Anayelaumiwa ni yule mwenye duka linalomtosha, akafungua la pili. Ni yule mwenye mshahara, asiyekosa warsha hata moja kwa ajili ya posho. Akiulizwa, husema anawatafutia watoto. Watoto hawakuulizwa.

Wapenzi wa ushairi wana hoja iliyo karibu nao zaidi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa; yapata miaka 2 baadaye alifariki. Mwanzoni mwa utendi wake anamwita bintiye, Mwana Hashima, ajongee karibu na kuleta wino na karatasi. Wahakiki wameshughulika mno na nasaha za kumtii mume, na hata Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke. Ubishi huo una haki yake. Ila katika radhi tano azitajazo Mwana Kupona, ya mume ni ya tano: imetanguliwa na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Tena dini na adabu hakumwachia mtu mwingine amfundishe mwanawe. Alimpa kwa kinywa chake, ilhali maradhi yakimsumbua.

Atakayesema hayo ni mambo ya wanawake na aifungue Suratu Luqman, ambamo anayemuusia mtoto ni baba. Tauhidi, sala, subira, hata namna ya kutembea na kiasi cha sauti, vyote vimo. Wafasiri wametofautiana kama Luqman alikuwa seremala, mshoni au mchunga mbuzi. Qurani yenyewe haikuitaja kazi yake.